Harara na Kinyongo: Juu ya Cassius katika Tamthilia ya Juliasi Kaizari

Waalimu wengi wa pande zetu hizi za Tunduma, Vwawa na Mbozi, wakifundisha habari za kuuawa kwa Juliasi Kaizari, humweka Cassius upesi katika safu ya waovu, kisha huandika ubaoni mithali ile isemayo hasira hasara, na somo limekwisha. Brutus ndiye mwema aliyedanganywa. Cassius ndiye mwenye hasira aliyemdanganya. Wanafunzi hunakili maneno hayo, na baadhi yao, wakiisha kuwa wahubiri, huyapeleka mimbarini kama walivyoyapokea. Sisi hatuikubali hukumu hiyo. Si kwamba twataka kumtakasa Cassius, maana mikono yake ina damu; bali twaona kwamba ameshtakiwa kwa kosa ambalo halikumwangusha, na lile lililomwangusha mwenzake limepita bila kutazamwa.

Mchezo huu ni tanzia, yaani mchezo wa msiba, nao uliandikwa na William Shakespeare. Huaminiwa kuwa ndio ule aliouona msafiri mmoja wa Uswisi, jina lake Thomas Platter, ukichezwa London tarehe 21 Septemba 1599. Kwa Kiswahili tumeupata kwa mkono wa Julius Nyerere, aliyeutoa mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, akausahihisha na kuutoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Yafaa tukumbuke ya kuwa mtafsiri huyu, kabla ya kuwa mkuu wa nchi, alikuwa mwalimu wa shule za misheni, kwanza St. Mary's ya Tabora, kisha St. Francis ya Pugu mpaka mwaka 1955. Alijua darasa ni nini. Tafsiri yake imewawezesha watu wengi kusikia ugomvi wa Warumi kwa maneno yao wenyewe, na hapo ndipo shida yetu ya kwanza inapotokea, maana ni shida ya lugha.

Watoto wa wilaya za Mbozi, Momba na Ileje hukipokea Kiswahili juu ya Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali cha nyumbani. Katika Kiswahili chao, na tuseme kweli, katika Kiswahili cha wazazi wao pia, neno hasira hubeba mizigo yote. Anayepiga kelele ana hasira. Aliyenuna siku tatu ana hasira. Anayengoja miaka saba amlipize jirani yake naye husemwa ana hasira. Lakini lugha yenyewe si maskini hivyo. Watu wa pwani wana harara, neno ambalo kwa asili ni joto, hata joto la mwili wenye ugonjwa. Mtu wa harara ni yule anayewaka upesi na kupoa upesi. Wana hamaki, ghadhabu ya ghafula. Tena wana kinyongo, ambacho hakina moto wala kelele. Ni kitu kilichofungwa moyoni kama fundo la uzi, na mwenye nacho aweza kukusalimu kila asubuhi kwa adabu kamili. Mwalimu asiyeyatenga maneno haya mawili, harara na kinyongo, hawezi kumwelewa Cassius, kwa maana Cassius anavyo vyote viwili, na kila kimoja kina kazi yake katika mchezo.

Shakespeare hakumbuni mtu huyu. Alimkuta katika kitabu cha Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakuu wa Uyunani na Rumi, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Plutarch asema waziwazi kwamba Cassius alikuwa mtu wa moto, na kwamba alimchukia Kaizari kwa sababu zake mwenyewe kuliko alivyouchukia utawala wa mabavu. Asimulia pia habari ambayo kila mwalimu ataifurahia. Cassius alipokuwa mtoto alisoma shule moja na Faustus, mwana wa Sulla aliyekuwa ameitawala Rumi peke yake. Siku moja Faustus akajisifu mbele ya wenzake juu ya uwezo wa baba yake, naye Cassius akainuka akampiga ngumi. Shauri likafika kwa Pompey mkuu. Watoto wakaitwa waeleze, na Cassius, mbele ya mzee huyo wa kuogopwa, akamwambia Faustus ayarudie maneno yale ili apigwe tena.

Hiyo ni harara. Kinyongo chaonekana katika habari nyingine ya Plutarch huyo huyo: Cassius alikuwa amekusanya simba kwa ajili ya michezo atakayowafanyia raia atakapopata cheo, akawaweka mji wa Megara, mji ulipotekwa na mkuu mmoja wa jeshi la Kaizari, Kaizari akawachukua simba wale wakawa wake. Tena, vyeo vya waamuzi vilipogawanywa, cheo kilicho bora akapewa Brutus, Cassius akapata cha pili. Hakupiga ngumi safari hii. Aliweka moyoni.

Basi tutazame jinsi Shakespeare alivyovigawanya vitu hivi viwili. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo, ambapo njama inatungwa, hatuoni harara hata kidogo. Cassius asema na Brutus kwa upole, polepole, kama mvuvi anayelegeza uzi. Amweleza jinsi alivyomwokoa Kaizari mtoni Tiber aliposhindwa kuogelea, na jinsi alivyomwona akitetemeka kwa homa huko Hispania. Kila hadithi imepimwa. Kisha, akiwa peke yake, apanga kutupa barua za uongo dirishani kwa Brutus, zenye miandiko mbalimbali, zionekane zimetoka kwa raia wengi. Kaizari mwenyewe, anapomtazama kwa mbali na kumwambia Antony kwamba mtu huyu ni wa hatari, hamlaumu kwa ukali. Amlaumu kwa sababu amekonda, asoma sana, apenda kuchunguza matendo ya watu, hapendi ngoma, na akicheka hucheka kidogo. Wazee wetu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyemuua Kaizari katika Cassius ni huyu wa kimya, na kama mwalimu ataka kuwaonya wanafunzi, na awaonye hapa.

Kaizari akiisha kufa tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K., Cassius mwingine atokea, na wasomaji wengi hawamtambui. Hata kabla ya mauaji alikuwa ameshauri Antony auawe pamoja na Kaizari, kwa kuwa ni mjanja na atawadhuru. Brutus alikataa. Baada ya mauaji akashauri Antony asiruhusiwe kusema mazishini. Brutus akaruhusu. Mwishoni, huko Sardi, akashauri wasiende Filipi bali wangoje adui awajie, achoke kwa safari. Brutus akasema waende. Ushauri wa kwanza ni wa kikatili, wala hatuutetei. Lakini katika mambo ya vita na siasa Cassius aliona sawa mara zote tatu, na mara zote tatu alinyamaza akafuata. Twauliza: mtu wa harara isiyotawalika hufanyaje hivyo? Mtu wa aina hiyo Shakespeare alijua kumchora. Katika Romeo na Juliet, tamthilia iliyotangulia hii kwa miaka michache, yumo Tybalt, kijana anayeuona upanga na kuutaka, asiye na shauri lolote ila kupigana, naye afa katikati ya mchezo kwa sababu hana kazi nyingine tena. Anayetaka kuhubiri juu ya hasira hasara na amchukue Tybalt, atamfaa sana.

Sasa twafika Sardi, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kiini cha maneno yetu. Wasomaji wetu walio wachungaji wataujua mji huu: ni ule ule wa Asia ambao kanisa lake laambiwa katika Ufunuo ya kwamba lina jina la kuwa hai, nalo limekufa. Miaka zaidi ya mia kabla ya waraka ule, majeshi ya Brutus na Cassius yalikutana hapo. Wao ni mashemeji, maana Cassius amemwoa dada yake Brutus kwa mama, na kwa sababu hiyo Mwingereza awaita ndugu. Cassius afika amefura, na mbele ya askari wote aanza kumshtaki mwenzake kwamba amemdhulumu. Brutus amwambia aseme taratibu, waingie hemani, wasigombane machoni pa majeshi. Naye aingia. Tuitazame nukta hiyo: ndipo anapowaka hasa, na neno moja lamtosha kumwingiza ndani.

Neno la ugomvi ni rushwa. Brutus amemhukumu na kumwaibisha mtu mmoja, Lucius Pella, kwa kupokea fedha za Wasardi, na barua za Cassius za kumwombea hakuzijali. Kisha amwambia Cassius mwenyewe kwamba kiganja chake chawasha, yaani auza vyeo kwa dhahabu. Hapa twaomba waalimu wawe waangalifu, kwa kuwa kwetu kiganja kikimwasha mtu, watu humwambia kwa furaha kwamba atapata fedha. Ni dalili ya bahati. Mwanafunzi wa Tunduma akisikia tusi hili bila kuelezwa, huenda akadhani Brutus amtakia mwenzake heri! Kwa Warumi wa Shakespeare ni tusi la kumwaga damu, na Cassius asema kwamba angelitamka mtu mwingine yeyote lingekuwa neno lake la mwisho.

Lakini halimwagi damu. Tusome mbele tuone nani anayechokoza. Cassius aomba mara kadhaa asisukumwe zaidi, asije akajisahau. Brutus amsukuma. Amwambia aende akawaonyeshe watumwa wake ukali huo wawatetemekee. Amwambia atameza sumu ya nyongo yake hata impasue. Amwambia kwamba tangu leo atamfanya kichekesho chake kila anapowaka. Hayo yote yasemwa na mtu ambaye hajapaza sauti. Cassius alikuwa amesema yeye ni askari wa siku nyingi zaidi. Brutus amshtaki kwamba alisema yeye ni askari aliye bora. Cassius, katikati ya moto wake, asahihisha kwa uangalifu: hakusema bora, alisema mkubwa kwa siku. Brutus ajibu kwamba hata kama alisema, hajali. Nani hapa aliye na hasira, na nani aliye na haki? Swali hili tumeliona likiwagawanya wanafunzi darasani mara nyingi, na ni vema liwagawanye.

Tena latokea jambo la fedha. Brutus alaumu kwamba alituma watu kwa Cassius kuomba dhahabu ya kuwalipa askari, akanyimwa. Na sababu yake ya kuomba ni kwamba yeye mwenyewe hawezi kupata fedha kwa njia chafu, wala kuwakamua wakulima senti zao. Basi dhahabu ya Cassius imetoka wapi, kama si katika kiganja kile kile alichokitukana dakika chache zilizopita? Brutus haoni. Moyo wake uliotulia umemfunika macho, kwa maana mtu asiyepaza sauti hudhani siku zote kwamba ana haki. Makosa haya twayaona makubwa kuliko ukali wote wa Cassius, na twashangaa ni mara ngapi watoa maelezo huyapita. Katika mabaraza yetu ya kanisa tumezoea kumpima mzee kwa sauti yake: asemaye kwa utulivu huaminiwa, awakaye huandikwa kuwa mgomvi, na daftari hufungwa. Hakuna anayeuliza mtulivu amesema nini.

Cassius, aliposhindwa kwa maneno, avua kifua chake, atoa jambia, na kumwambia Brutus apige kama alivyompiga Kaizari, kwa kuwa ajua ya kwamba hata alipomchukia Kaizari alimpenda kuliko anavyompenda Cassius. Wengine husema ni hila ya kuigiza. Twaona sivyo, ni harara iliyofika ukingoni, ikageuka machozi. Brutus alegea. Wapeana mikono, na Cassius aomba avumiliwe kwa ukali ule aliozaliwa nao kwa mama yake. Brutus ajibu kwamba tangu sasa Cassius akimkaripia, atadhani ni mama yake ndiye anayemkaripia. Maneno hayo yaeleweka kwetu bila maelezo mengi, maana mtoto mkali akitukosea huwa twasema amefuata ujombani, na hapo lawama hupungua nusu yake. Shakespeare ametupa neno moja lenye kicheko kidogo ndani ya ugomvi mkubwa, nasi twalipenda sana.

Jambo dogo lafuata ambalo waigizaji hupenda kulikata. Mshairi mmoja aingia hemani bila ruhusa, akitaka kuwapatanisha wakuu kwa mashairi yake mabovu. Brutus amfukuza kwa ukali. Cassius acheka, na kumwombea asameheke, kwa kuwa ndivyo alivyo. Huyu ndiye aliyeitwa mtu wa hasira! Moto wake umekwisha, na sasa ana nafasi moyoni mwake hata kwa mpumbavu. Tunawasihi waalimu wanaoigiza na wanafunzi wasiikate sehemu hii hata kama muda ni mfupi, maana ni mizani yenyewe.

Kisha Brutus atoa habari kwamba Portia mkewe amekufa. Cassius astaajabu jinsi alivyoponea kuuawa alipombishia mtu mwenye msiba wa namna ile, na amlilia Portia. Brutus aomba wasiseme tena habari zake. Waletewa bakuli la mvinyo, nao wanywa ili kuuzika ugomvi. Kwa watu wa pande hizi kunywa pamoja si mapambo ya hadithi. Wagombanao hawajapatana, hata wakishikana mikono mbele ya mzee, mpaka wamekula au kunywa chombo kimoja. Wamoravia, waliofika Rungwe mwaka 1891 na kufungua misheni ya Mbozi miaka michache baadaye, walikuja na desturi yao ya karamu ya upendo, waliyoianza Herrnhut mwaka 1727. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, ataka uchungu usilale nasi mpaka jua lichwe. Ugomvi wa Sardi ulianza na kwisha katika kikao kimoja, na aliyeanza kupoa ni Cassius.

Wapo watakaotujibu kwamba harara ndiyo iliyomwua mwishoni, kwa kuwa hakungoja kuhakikisha. Jibu hili lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Huko Filipi mwaka 42 K.K., mji ule ambao karibu miaka 90 baadaye Paulo alimbatiza Lidia karibu nao, Cassius alimtuma rafiki yake Titinius atazame askari waliokuwa wakija kwa mbali, kama ni adui au ni wenzao. Macho yake Cassius yalikuwa mabovu, akampandisha mtumwa wake Pindarus kilimani aangalie. Pindarus akaona Titinius amezungukwa na wapanda farasi, akasikia kelele, akasema amekamatwa. Kumbe walikuwa watu wa Brutus, na kelele zilikuwa za furaha. Cassius akamwamuru Pindarus amchome kwa upanga ule ule uliomchoma Kaizari. Lakini tuusome mwendo wake wa siku ile. Alikwisha kumwambia Messala kwamba alazimishwa, kama Pompey zamani, kuhatarisha yote katika pigano moja. Aliwaona tai waliofuatana na jeshi wameondoka, na kunguru wamekuja badala yao. Akakumbuka kwamba ni siku aliyozaliwa. Messala anapoiona maiti asema kwamba kilichofanya hivi ni kukata tamaa. Huzuni ilimwua, na huzuni ile ilikuja kwa sababu alikuwa mahali ambapo alishauri wasiende.

Aliwahi kulitaja jambo hilo mara moja tu. Siku ile ile kabla ya pigano, wakuu wa pande mbili walipokutana kutukanana, Antony akawachoma kwa maneno makali, naye Cassius akamgeukia Brutus akisema kwamba ulimi huu usingewatukana leo kama ushauri wake ungalisikiwa. Hakuendelea. Mwenye kinyongo angalilisema mapema na kulirudia. Yeye alingoja mpaka adui mwenyewe akamfungua kinywa.

Titinius aliporudi na taji aliyopewa na Brutus kama ishara ya ushindi, akamkuta rafiki yake amelala chini, akamvika taji ile kichwani, akajiua kwa upanga wa Cassius. Brutus akaja akawatazama wote wawili, akasema kwamba Rumi haitamzaa tena mtu mfano wake, na kwamba anadaiwa machozi mengi kuliko watakayoyaona sasa; atapata wakati wa kuyalipa. Kisha akaamuru maiti ipelekwe kisiwa cha Thasos, isizikwe kambini, ili mazishi yasiwavunje askari moyo, na akawaita wenzake warudi vitani kabla jua halijachwa.